Paka wa manyoya ya mawimbi kwa nyumba yenye watoto wadogo: nichukue yupi?

MamaPacha_Northampton
Habari za jioni wapendwa. Nina mapacha wa miaka minne na mdogo wao wa mwaka mmoja na nusu. Tangu wamwone paka wa jirani mwenye manyoya yaliyojikunja, nyumba haikaliki. Mimi nimekulia Tanga, paka wetu alikuwa wa uani, akila vichwa vya samaki. Hawa wa kununua siwajui. Nataka mpole, asiyeparura mtoto akimshika vibaya. Nimetajiwa aina mbili, Devon Rex na Selkirk Rex. Baba yao akikaa na paka hupiga chafya na macho humwasha, ila muuzaji mmoja kaniapia kuwa wa mawimbi hawana shida hiyo. Ni kweli?

Nyau_wa_Bibi
Dada, wote wanaitwa Rex lakini si ukoo mmoja. Cornish Rex alitokea Cornwall mwaka 1950, Devon Rex akafuata Devon mwaka 1960. Hao wawili ni wembamba, wanapenda watu sana, ila hawatulii: leo juu ya pazia, kesho juu ya kabati.

Selkirk alianzia Montana, Marekani, 1987. Jike mmoja wa mawimbi alipandishwa na dume la aina ya Persian, akazaa watoto sita, watatu wakatoka na mawimbi. Baadaye wafugaji wakachanganya na aina ya British Shorthair. Utulivu wake ni wa damu hizo mbili. Ni mnene, mzito, na ana subira. Kwa nyumba yako ningechukua huyo bila kusita.

BabaWawili
Shemeji hapo asidanganywe. Kinachomsumbua si unyoya, ni protini iitwayo Fel d 1, iliyo kwenye mate na ngozi ya paka. Akijilamba, inaenea mwilini, ikikauka inapeperuka. Mawimbi hayaizuii. Sisi tuliuziwa maneno hayohayo, baada ya wiki tatu tukamrudisha paka, na mwanangu alilia mpaka akapata homa. Mpeleke mumeo akakae na paka huyohuyo saa nzima, zaidi ya siku moja, kabla ya kutoa hela.

MamaPacha_Northampton
Uwii, pole kwa mtoto. Na kumchana je?

Nyau_wa_Bibi
Mara moja kwa wiki, chanuo la meno mapana. Ukizidisha, mawimbi yananyooka.

Lingine ni figo. Kwa kuwa ana damu ya Persian, omba karatasi ya kipimo cha vinasaba cha PKD, ugonjwa wa figo kuota vifuko vya maji, kwa mama na baba wa paka. Na umwone mama yake akiwa na wanawe. England, tangu Aprili 2020 sheria inakataza duka au dalali kuuza paka wa chini ya miezi sita ambaye hakumzalisha mwenyewe. Akikuambia mkutane maegeshoni, ondoka.

BabaWawili
Huyo wa mwaka na nusu atavuta mkia tu, hata paka awe mpole vipi. Muwekee paka rafu ya juu asikofika mtoto, na usiwaache wawili peke yao.

MamaPacha_Northampton
Asanteni mno. Jumamosi tunakwenda kumwona Selkirk mmoja, na baba yao ndiye atakayempakata. Mapacha wanabaki kwa shangazi yao, wasije wakampa jina kabla hatujajua.