Naomba ushauri: CPAP (mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa usingizini) kwa maji na vumbi la Dodoma

Wadau, habari zenu. Mzee wa miaka 61, yuko Nkuhungu. Anakoroma hadi chumba cha pili anasikika, kisha kimya sekunde 20 na zaidi, halafu anashtuka kama mtu aliyekabwa. Presha haishuki kwa dawa tatu. Mchana anasinzia kikombe cha chai kikiwa mkononi. Kipimo cha usingizi kimeonyesha pumzi inakatika mara 38 kwa saa, na kuanzia 30 ni hali kali, kwa hiyo kulala ubavu peke yake hakutoshi. Ameanzishiwa CPAP, presha ya hewa 10.

Shida ni maji. Ya bomba yana chumvi, na kuyachemsha hakuiondoi. Tangi la mashine la kutia hewa unyevu limeshika ukoko mweupe pale chini kwenye bamba la moto. Bila tangi, hewa kavu ya kiangazi inamkausha koo na anavua barakoa saa nane usiku. Maji ya maabara yasiyo na chumvi mnanunua wapi hapa mjini? Ya maduka ya betri nayaogopa, mengine ni asidi.

Chujio la hewa la mashine, la mwezi mmoja, linakuwa jekundu kwa vumbi ndani ya wiki mbili.

Umeme ukikatika: bila kupasha maji mashine inakula kama wati 30, yaani wati-saa 240 kwa saa 8. Betri ya sola ya volti 12, Ah 100, inatosha. Aliyeunganisha moja kwa moja bila inveta, alitumia kibadilishi gani kufikia volti 24 za mashine?