Tuwakumbukeje wasanii wetu waliotangulia mbele ya haki?

Mkaazi wa Sinza ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Kila jioni nashuka kwenye kituo ambacho makondakta wa daladala hukiita "kwa Remmy". Wiki iliyopita mpwa wangu, binti wa miaka 14, aliniuliza huyo Remmy alikuwa nani, na kama alikuwa mwenye duka au mwenye nyumba ya kulala wageni. Nilimweleza kwamba ni Dakta Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo, aliyekuja Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970, akaimba na Orchestra Makassy na baadaye Super Matimila, akaishi hapa hapa Sinza hadi alipofariki tarehe 13 Desemba 2010. Akaniuliza tena ni akina nani waliokuwa wakimpigia magitaa. Hapo nilinyamaza, nami niliwahi kuicheza miziki hiyo usiku kucha.

Tangu siku hiyo nimefungua daftari la kuwaandika wasanii na watangazaji waliofariki kuanzia mwaka huo wa 2010, kwa nia ya kulikabidhi kwa maktaba ya shule yetu ya kata. Nimekwisha kumwandika Bi Kidude na Muhidin Gurumo, waliotutoka Aprili 2013 na Aprili 2014, King Kiki aliyefariki Novemba 2024, na mtangazaji Charles Hilary aliyefariki Mei 2025. Hata hivyo, kila nikilisoma daftari hilo naona nimeandika tanzia tupu: jina, tarehe na makaburi. Naomba mnishauri ni mambo gani hasa yanayostahili kuandikwa, na nianzie wapi.

Fundi Mitambo Mstaafu amejibu:

Mwanangu, nakushukuru kwa kulileta jambo hili hadharani. Ushauri wangu ni kwamba usianze na mtu, anza na wimbo mmoja. Uchukue wimbo ambao marehemu aliuimba, kisha umtafute aliyeutunga, aliyepiga gitaa la solo, aliyeshika gitaa la kati, aliyeshika gitaa zito, waliopuliza tarumbeta na saksafoni, aliyepiga tumba na waliokuwa wakiitikia. Bendi zetu zilikuwa na watu wengi jukwaani, lakini msiba unapotokea hutajwa yule aliyekuwa mbele ya kipaza sauti peke yake, na wenzake wanazikwa kimya kimya Mbagala au Tandika bila redio yoyote kusema neno. Hilo linaniuma kuliko mengine yote.

Chukua mfano wa Mzee Gurumo. Mwaka 1964 alikuwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa walioianzisha bendi ya Mlimani Park, na katika miaka ya 1980 akahamia Orchestra Safari Sound, kabla ya kurejea alikotoka na kumalizia safari yake Msondo. Sasa zingatia jambo moja ambalo vijana wengi halijawafikia: NUTA, JUWATA, OTTU na Msondo Ngoma ni bendi moja; majina matatu ya kwanza yalibadilika kila chama chenyewe kilipobadilika jina, na Msondo Ngoma likaja baadaye. Mpwa wako akikuta majina hayo manne kwenye kaseti ataamini ni bendi nne tofauti, na wimbo wa mwaka 1980 atauweka mahali pasipo pake. Kwa hiyo pembeni ya kila wimbo andika jina la bendi kama lilivyokuwa siku uliporekodiwa.

Kuhusu watangazaji, usiandike tu vituo walivyofanyia kazi. Marehemu Charles Hilary alipita Radio Tanzania, Radio One, Deutsche Welle ya Ujerumani, BBC na Azam, na alipofariki alikuwa msemaji wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Hayo yote ni kweli na yaandikwe. Lakini tafuta pia kanda yenye sauti yake akitangaza mpira, kwa sababu kazi ya mtangazaji ni sauti, na karatasi haiwezi kuibeba.

Binti wa Mpiga Tumba amejibu:

Shikamoo mzee wangu Fundi Mitambo, na pole kaka wa Sinza kwa kazi uliyojitwika. Mimi nasema kwa niaba ya familia zinazobaki. Marehemu baba alipiga tumba na alitunga nyimbo mbili zilizopendwa sana hapa mjini. Baada ya arobaini, ndugu waligawana nguo na redio yake, na mfuko wa karatasi uliokuwa chini ya kitanda ukachomwa pamoja na takataka, kwa sababu hakuna aliyejua kilichomo. Miaka michache baadaye tulisikia wimbo wake katika tangazo la biashara, na tulipokwenda kuuliza hatukuwa na hata kipande kimoja cha kuonyesha kwamba yeye ndiye mtunzi.

Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na haki hiyo hurithiwa. Naomba sana, kaka, unapokwenda kuhani au kwenye hitima ya msanii, ukiona inafaa, mnong'oneze mkubwa wa familia kwamba karatasi, picha na kaseti zisiguswe. Kwenye daftari lako weka safu ya "mtunzi" peke yake, wala usiichanganye na ya "mwimbaji". Kwa watu wengine safu hiyo inaweza kuwa ushahidi pekee uliobaki.

Msomaji wa Kinondoni amejibu:

Naafiki yaliyosemwa, ila nina la kuongeza. Nilikuwepo viwanja vya Leaders mwezi Aprili 2012 tulipomuaga mwigizaji wa filamu Steven Kanumba, aliyefariki akiwa na miaka 28. Umati ule sijapata kuuona tena, watu walizimia, na barabara ya kwenda makaburi ya Kinondoni ilifurika. Leo ukimtaja Kanumba, wengi husimulia usiku aliofariki, kesi iliyofuata na maneno ya mitaani. Ni wachache wanaosimulia alivyoanza kuigiza na kundi la Kaole katika televisheni, au jinsi alivyowaleta waigizaji wa Nigeria kufanya filamu pamoja na wetu. Kifo kilichukua dakika chache, naye alifanya kazi kwa takriban miaka kumi.

Kwa hiyo, ndugu, kifo kipe mstari mmoja. Uvumi usiuandike hata kwa mstari mmoja, kwa kuwa daftari litasomwa na watoto wake na watoto wa jirani zake. Na Bi Kidude, ambaye mwaka wake wa kuzaliwa haukuwahi kuthibitishwa, usimpachikie umri ili ukurasa upendeze. Andika alivyokuwa kungwi wa unyago na mwimba taarabu, na kwamba mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki.

Mkaazi wa Sinza amejibu:

Nawashukuru nyote. Jana nilizichana kurasa zote nne na kuanza upya. Ukurasa wa kwanza una wimbo mmoja wa Super Matimila, na chini yake nimechora safu za mtunzi, solo, gitaa la kati, gitaa zito, dramu, tumba na waitikiaji. Hadi sasa nimejaza safu mbili tu. Jirani yangu anamfahamu mzee mmoja wa Manzese aliyekuwa akibeba vyombo vya bendi hiyo, na Jumapili baada ya ibada tutakwenda kumsikiliza. Mpwa wangu ameomba aandike yeye, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka kuliko wangu.