Ninaomba, lakini mawazo yamekwama kwenye maneno ya watu

Mhazini wa Ujenzi aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mhazini wa kamati ya ujenzi katika usharika mmoja wa mjini. Jengo limefika kwenye lenta, na tangu hapo amani imetoweka. Wazee wawili wa kanisa wanasema waziwazi kwamba fedha zinaliwa, simu inapokea ujumbe usiku na mchana, na kila wiki ninaitwa kwenye kikao ambacho hakimo katika ratiba. Nikipiga magoti saa kumi na moja alfajiri, badala ya kuomba najikuta ninatunga majibu ya kuwapa. Mwenzangu wa kamati ananishauri nisome habari za Nehemia, yule wa Biblia aliyeongoza ujenzi wa ukuta wa Yerusalemu, na niwapuuze wazee hao kama yeye alivyowapuuza akina Sanbalati waliompinga. Je, kumtegemea Mungu ndiko huko, kuziba masikio na kuendelea kujenga?

Mama Mwalimu alijibu:

Pole, mwanangu. Nehemia hakuanza kwa kujenga wala kwa kupuuza. Alipopata habari za Yerusalemu kutoka kwa Hanani, katika mwezi wa Kisleu, alikuwa mnyweshaji wa Artashasta, mfalme wa Uajemi, huko Shushani, na mpaka alipofungua kinywa mbele ya mfalme ulikuwa umefika mwezi wa Nisani. Ni karibu miezi minne ya kufunga na kulia kabla ya kutamka ombi lake. Halafu, mfalme alipomuuliza anataka nini, aliomba tena palepale akiwa amesimama, ombi ambalo haliwezi kuwa lilizidi pumzi moja, ndipo akajibu.

Kuhusu hayo majibu unayoyatunga ukiwa umepiga magoti, usiyafukuze, mgeuzie Mungu. Tobia, mwenzake Sanbalati, alipodhihaki kwamba hata mbweha akipanda juu ya ukuta ule ataubomoa, Nehemia hakumjibu yeye, bali alimwambia Mungu kwamba wamedharauliwa. Ombi lile lina ukali ambao mimi nisingethubutu kuusoma katika ibada ya Jumapili, lakini hasira yake yote aliipeleka mahali pamoja.

Mlinzi wa Zamu alijibu:

Ninakubaliana na Mama Mwalimu, na ninaongeza jambo moja. Adui walipopanga kushambulia, watu walimwomba Mungu na wakaweka walinzi mchana na usiku. Mambo hayo mawili yamo katika sentensi moja, na hakuna aliyeona kwamba mlinzi ni dalili ya upungufu wa imani. Kwa hiyo zima simu saa za maombi, umpe katibu jukumu la kupokea ujumbe wa kamati, na vikao visivyo na ajenda ya maandishi usivihudhurie. Nehemia aliitwa mara nne akutane na wapinzani wake katika bonde la Ono, na mara zote nne alijibu kwamba ana kazi kubwa ambayo haiwezi kusimama ili yeye ashuke kwao. Tusidhani wapinzani hao walikuwa wapiga domo tu: barua ya mwaka 407 kabla ya Kristo, iliyopatikana katika kisiwa cha Elefantine huko Misri, inamtaja Sanbalati kuwa liwali wa Samaria.

Mzee Mstaafu alijibu:

Wapendwa, ninyi nyote mmeruka sura ya tano, na ndiyo inayomhusu ndugu yetu. Katikati ya ujenzi uleule, manung'uniko makubwa hayakutoka Samaria bali kwa Wayahudi wenyewe, waliokuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, na wengine walikuwa wamewatoa watoto wao utumwani. Nehemia hakuwaita maadui wa kazi ya Bwana. Alikasirika, akatafakari, akawakemea wakuu mbele ya mkutano, na akakiri kwamba hata yeye na ndugu zake walikuwa wamekopesha fedha na nafaka. Kisha akataka warudishiwe mashamba pamoja na ile sehemu ya mia waliyotozwa kama riba. Anaeleza pia kwamba kwa miaka 12 aliyokuwa liwali wa Yuda hakula posho ya liwali.

Nimewahi kuwa mzee wa kanisa, na nimeona jina la Sanbalati likibandikwa kwa kila mtu anayeuliza risiti. Mjumbe anayekuita Ono hataki ukuta ujengwe. Mshirika anayeuliza mchango wake umekwenda wapi anautaka ukuta huo pengine kuliko wewe. Kabla hujaomba Mungu awanyamazishe wazee hao wawili, omba akuonyeshe ni wa kundi lipi, na fungua vitabu vya hesabu.

Mhazini wa Ujenzi alijibu:

Mzee, shikamoo, na asante kwa kunikemea kwa upole. Hesabu zipo, ila kwa kweli hazijasomwa mbele ya washirika tangu tulipomwaga msingi, na kila nilipoulizwa nililichukulia swali hilo kuwa shambulio. Nimezungumza na mchungaji, na mapato na matumizi yatasomwa Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili. Leo alfajiri niliacha simu sebuleni. Nilianza tena kutunga majibu, nikayasema kwa sauti mbele za Mungu kama Mama Mwalimu alivyoelekeza, na nilipofika katikati niliona aibu, kwa sababu mawili kati ya hayo hayakuwa ya kweli.

Mzee Mstaafu alijibu:

Marahaba, mwanangu. Usisahau kubeba risiti za saruji.