King'amuzi cha dishi: MPEG-4 au H.265?

Mgeni_Kilosa: Wakuu, naomba ushauri. Kesho naenda mjini kununua king'amuzi cha chaneli za bure. Muuzaji anazo aina mbili, MPEG-4 na H.265. Hiyo ya pili bei imechangamka. Nibebe ipi?

FundiWaya: Dishi futi ngapi? Satelaiti ipi? Tivi flati au ya chogo? Hujasema kitu mkuu.

MamaTatu: H.265, usijiulize. Hayo ni majina ya mifumo ya kubana picha, na king'amuzi cha H.265 kinafungua MPEG-2, MPEG-4 na yenyewe. Ile nyingine ikikutana na H.265 imekwama.

Bahili: Ninazotazama mimi zote MPEG-4 inatosha. Alipie asichotumia kwa nini?

MzeeBati: Bahili, hayo yalinikuta. Nilikuwa na cha mtumba, MPEG-2 tupu. Siku moja chaneli ya taarifa ya habari ikabaki sauti tu, kioo cheusi. Nikapanda juu ya bati kuzungusha dishi, nikapoteza na zile zilizokuwepo! Fundi wa kwanza akasema LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, imekufa, nikanunua. Wa pili akang'oa waya wote. Kumbe wenye chaneli walihamia MPEG-4, ila sauti wakaiacha kwenye mfumo uleule. Kijana wa jirani ndiye aliyeona, kwa kubonyeza rimoti tu.

FundiWaya: Na watahama tena. Nafasi ya satelaiti inakodiwa, data ikipungua wanakodi nafasi ndogo. H.264, ndiyo hiyo mnayoita MPEG-4, ilitoka 2003 ikapunguza data ya MPEG-2 karibu nusu. H.265 ya 2013 nayo ikapunguza karibu nusu ya hapo. Mkuu, hakikisha pia kimeandikwa S2, ndiyo ya dishi. T2 ni ya antena, wengi wanauziwa hiyo.

Bahili: Ikibanwa hivyo si mvua kidogo tu picha zinaganda?

FundiWaya: Mvua inapiga mawimbi, haijui picha imebanwaje. Satelaiti zina masafa ya Ku na ya C-band: Ku ndiyo inaumia, C-band inavumilia.

MamaTatu: C-band dishi lake linajaza uwanja, kuku walale wapi?

MzeeBati: Kwangu la futi 8, halijawahi kukatika masika.

MamaTatu: Upepo je?

Mgeni_Kilosa: Asanteni. Dishi aliliacha mpangaji, sijalipima. Hiyo H.265 ina tundu za waya nyekundu, nyeupe na njano?

MzeeBati: Baadhi zina HDMI tu, tundu la tivi flati, kague dukani. Halafu nina LNB ya Ku imekaa bure, anayetaka aje faragha.

Bahili: Bei gani mzee?