Mrejesho: digrii ya operesheni risechi, mshahara na deni

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kama inalipa kukopa ili nisomee operesheni risechi, ile hesabu ya kupanga njia za magari, zamu za marubani, mizigo ya stoo na mengine kama hayo. Kilichonisaidia sana ni yule aliyeniambia niachane na wastani wa mshahara nitazame ule wa katikati, yaani ambao nusu ya watu wanapata chini yake na nusu juu yake, maana wachache wanaolipwa hela ndefu wanauvuta wastani juu mno. Halafu nikakaa na kikokotoo, mkopo wa miaka 10 kwa riba ya asilimia 6 kila 100 unayokopa unarudisha kama 133, ukiuvuta uwe wa miaka 20 inafika kama 172, yaani kale karejesho kadogo ka kila mwezi ndiko kanakokumaliza! Basi nimechagua chuo cha ada nafuu nikaacha chenye jina, maana simpleksi, ile njia ya Dantzig ya 1947 ya kutafuta mpango bora kwa hesabu, ni ile ile popote utakapoisoma, na matangazo ya kazi niliyopitia yanataka Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) na uwezo wa kuunda modeli za kihesabu. Masters nitasoma nikishapata ajira. Asanteni sana, hasa wa ile hoja ya mshahara wa katikati.