Kilwa, Pangani au Mombasa: njia ipi kwa gari na familia?

Baba Nasra
Salaam wakuu. Likizo imekubaliwa kazini na safari hii sitaki kukaa hotelini Zanzibar nikiangalia bahari. Nataka niendeshe mwenyewe na familia, tupite miji ya kale ya pwani, watoto wayaone kwa macho yale wanayokaririshwa darasani. Kichwani nina njia tatu. Kusini: Dar, Kilwa, Lindi mpaka Mikindani. Kaskazini: Bagamoyo, Pangani, Tanga. Au nivuke mpaka wa Horohoro niende Mombasa nifike mpaka Gede. Mliopita naombeni ushauri, ipi inalipa zaidi? Malazi natakiwa nilipie wiki hii.

Lami Tupu
Mkuu umeandika kama vile tunaishi nyumba moja. Gari gani? Mwezi gani? Siku ngapi? Watoto wana umri gani? Mwenye Prado na mwenye Passo hawapewi ushauri mmoja. Ukija mwezi wa nne nitakwambia baki nyumbani, ukija mwezi wa nane nitakwambia nenda popote.

Mwana wa Kivinje
Kusini. Kama lengo ni miji ya kale, huwezi kuanza na kwingine ukaiacha Kilwa Kisiwani. Huo ni mji uliokuwa unapokea dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, na kutengeneza sarafu zake wenyewe. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na akausifu kwa uzuri. UNESCO wameuweka kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981 pamoja na Songo Mnara.

Na si jina tu, kuna vitu vya kuona. Unaposhuka kwenye mashua pale ufukweni, Gereza, yaani ile ngome ya kale, liko mbele yako na ukuta wake unaopigwa na maji. Unapanda kidogo unafika Msikiti Mkuu. Ingia ndani, simama katikati ya nguzo, halafu inua kichwa: kuba juu ya kuba, zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na nyingine bado zimeshika. Kisha kuna Husuni Kubwa kule kwenye mwamba juu ya bahari, jumba la karne ya 14 lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane. Mtoto akisimama kwenye kingo za lile birika hahitaji mwalimu wa kumwambia kwamba hapa paliishi mfalme.

Barabara ni lami kutoka Dar mpaka Kilwa Masoko. Nangurukuru ni kama kilomita 300 kutoka Dar, ukiondoka alfajiri mchana unakula pweza Masoko. Kibali cha kwenda kisiwani unachukua palepale Masoko kwa watu wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, wanakupa namba ya malipo unalipia kwa simu, halafu unapangiwa mwongozaji na chombo. Usikubali kuvushwa na mtu wa kukuokota gatini.

MvitaDamu
Ndugu yangu, salamu kutoka Mvita, yaani Mombasa. Kilwa twaiheshimu, lakini kwa mtu mwenye watoto, huko ni kuwatembeza kwenye magofu ambayo hayana hata kivuli. Hapa kwetu mji wa kale ni mji hai, watu walala ndani yake, wapika, waswali. Waingia Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno 1593, waona mizinga, waona vyombo vilivyotolewa kwenye meli ya Santo António de Tanná iliyozama 1697 wakati Waomani wameizingira ngome. Kuzingirwa huko kulichukua karibu miaka mitatu, mpaka Desemba 1698. Ukitoka hapo ni hatua chache tu uko kwenye vichochoro wala viazi karai.

Halafu Gede ni takribani kilomita 100 kwa barabara ya Malindi, na mji wote uko ndani ya msitu, kivuli tupu. Kuna kaburi limeandikwa tarehe ya Hijria 802, yaani 1399. Nayo imeingia Urithi wa Dunia mwaka 2024.

Mwana wa Kivinje
Dada Mvita, hayo ya kivuli sawa. Lakini usimfananishe sultani wa Kilwa na mji kama Gede ambao hata wanahistoria hawana orodha ya wafalme wake. Kilwa ina tarikhi yake imeandikwa.

Fundi Rejeta
Mnabishana kuhusu masultani, mwenye uzi hajasema gari. Baba Nasra, gari?

Baba Nasra
Samahanini, mchana nilikuwa kikaoni. Ni mwezi wa nane, wiki moja hivi. Watoto wawili, mkubwa yuko darasa la sita, mdogo la pili. Mama mkwe naye anakuja. Gari langu ni IST lakini watu watano na mizigo naona ni mateso, kwa hiyo nafikiria kukodi Noah au Kluger kwa jamaa mmoja hapa mjini ana bei nzuri.

Lami Tupu
Unaona sasa? Mama mkwe na gari la kukodi umevileta mwishoni, na ndivyo vinavyoamua kila kitu.

Mama Zulekha
Baba Nasra, soma hii kabla hujampa mtu hela ya gari.

Mwaka juzi mimi na mume wangu tulikodi gari kwa kampuni moja ya hapa Dar, jina naliacha. Safari ilikuwa hiyohiyo ya kusini. Siku ya kuchukua gari tukaambiwa lile tulilolipia limepata dharura, tukaletewa jingine, linang'aa, limeoshwa mpaka tairi zimepakwa rangi nyeusi. Mume wangu akaomba kadi ya bima, kijana akasema iko ofisini, ataituma kwa WhatsApp. Tuko njiani tayari, watoto wameshapanda, tukaondoka na ahadi hiyo.

Kibiti tukasimamishwa na trafiki. Akaingiza namba ya gari kwenye simu yake, bima imeisha zamani. Tunapiga ofisini, simu inaita haipokelewi. Faini tukalipa sisi, na bima ya muda tukakata sisi pale Kibiti. Tukaendelea. Baada ya kuvuka daraja la Mkapa tairi la nyuma likapasuka, na si kwenye shimo, ni kwenye lami safi, mwendo wa kawaida. Tunafungua buti, tairi la akiba lipo ila limekwisha upepo, na jeki haina mkono. Tulikaa juani na watoto mpaka dereva mmoja wa lori la korosho alipotuhurumia akatupa jeki yake, kisha mume wangu akapanda boda na tairi mpaka kwa mtu wa pancha. Yule fundi alitunyooshea kidole ubavuni mwa tairi, limechanikachanika kama kisigino kikavu. Ile rangi nyeusi ilikuwa inaficha hayo.

Kilwa tulifika usiku. Na tuliporudisha gari, dipoziti yetu ikakatwa karibu nusu kwa mkwaruzo wa mlango ambao upo kwenye picha tulizopiga siku ya kwanza! Tuliwaonyesha picha, wakasema mkurugenzi hayupo. Mpaka leo hayupo.

Kwa hiyo bei nzuri isikufumbe macho. Kadi ya bima uione kwa macho, tairi la akiba ulishushe chini ulikanyage, na dipoziti iandikiwe masharti.

Fundi Rejeta
Pole sana mama. Naongezea kwa Baba Nasra: ubavuni mwa tairi baada ya herufi DOT mwishoni kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Ikiandikwa 1416 ni wiki ya 14 ya mwaka 2016. Tairi la hivyo hata kama kashata, yale meno yake, bado nene, likatae. Na rejeta ifunguliwe gari likiwa baridi, kama maji ni ya kutu gari hilo litachemka Kluger au si Kluger. Mimi ningesafiri na hiyo IST yako unayoijua ugonjwa wake. Kilwa ni lami, IST zinakwenda kila siku.

Lami Tupu
Watu watano, mmoja mama mkwe, kwenye IST mpaka Mikindani? Dar hadi Mtwara ni kama kilomita 560. Acha kumtesa mzazi.

Bweni Ng'ambo
Nimesubiri mtu aitaje Pangani nimechoka. Mnazungumzia miji mikubwa tu. Pangani ndipo vita ya Abushiri ilipoanzia 1888, ndipo Wajerumani walipomnyonga, tarehe 15 Desemba 1889. Boma la zamani lipo, nyumba za mawe zenye milango ya nakshi zipo, mto upo, na hakuna anayekusumbua. Mnaanza Bagamoyo: magofu ya Kaole asubuhi, mchana misheni ya Wakatoliki ya 1868, na ule mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874, baada ya watumishi wake kina Chuma na Susi kuubeba kutoka kwa Chitambo. Watoto wa shule hiyo hawaisahau. Halafu mnakuja Pangani, kisha Tanga, njiani mnasimama Tongoni kuona makaburi ya nguzo. Maeneo hayohayo ndipo Vasco da Gama alipoichoma meli yake São Rafael mwaka 1499 akirudi kutoka India.

MvitaDamu
Na aliyempa rubani wa kumfikisha India ni mfalme wa Malindi, 1498. Nguzo ya huyo da Gama hadi leo iko Malindi, watoto wapigie picha.

Mwana wa Kivinje
Sasa hilo nalo ni la kujivunia? Waliowapokea Wareno ndio waliotufungulia mlango wa mwaka 1505, Kilwa ikaporwa na Almeida, kamanda wa Wareno, mwezi uliofuata Mombasa yenyewe ikachomwa moto. Wewe ni wa Mvita, ungekuwa upande wetu kwenye hili.

MvitaDamu
Mimi niko upande wa Mvita daima, Malindi walitukosea na hayo twayajua. Lakini nguzo ni historia, haifutwi kwa kuwa yakera.

Lami Tupu
Turudi kwenye uzi jamani. Bweni, barabara ikoje? Maana njia ya pwani Bagamoyo mpaka Pangani wanasema inajengwa miaka yote.

Bweni Ng'ambo
Inajengwa kweli, kwa vipande. Nilipopita mara ya mwisho mkandarasi alikuwa bado barabarani kati ya Pangani na Tanga, vumbi na michepuko. Asiyetaka shida apite Chalinze na Segera aingie Tanga kwa lami, kisha Pangani aende kwa siku moja na kurudi. Aulize kwanza hali ya barabara wiki hiyo.

Lami Tupu
Kwa hiyo Pangani ni ya kuuliza kwanza. Nilijua. Na kusini msijifanye hakuna tatizo, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara pale Somanga, mabasi yakalala njiani. Ila mwezi wa nane hilo si tishio. Cha kuangalia ni tochi tu. Kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki nyuma ya mwembe. Faini elfu 30 kila mara, ukishikwa mara tatu ni hela ya malazi.

Mama Zulekha
Na mwezi wa nane ni kusi. Kuvuka kwenda Kisiwani fanyeni asubuhi na mapema, mchana upepo unaamka na mashua inachafuka. Songo Mnara msimpeleke mama mkwe, kule unashuka kwenye maji na tope la mikoko unatembea mpaka nchi kavu. Kisiwani anaweza, ila Husuni Kubwa ni mwendo na kupanda. Mwambie abaki msikitini na mtu mmoja, nanyi mwende.

Kadi ya Njano
Kuhusu Mombasa, hakuna aliyemwambia la msingi. Gari la kukodi halivuki Horohoro bila barua ya mwenye gari ya kuruhusu, kadi ya gari, na bima ya kadi ya njano ya COMESA, maana bima ya hapa inaishia mpakani. Kampuni nyingi hazikubali kabisa gari litoke nchini. Watoto nao lazima wawe na hati zao za kusafiria. Kama hana hivyo vyote leo na analipia wiki hii, Mombasa imejiondoa yenyewe. Kwa wenye magari yao, siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, ukitokea kusini unaikwepa foleni ya feri ya Likoni.

MvitaDamu
Hapo umesema kweli. Basi aje na IST yake, watoto wakae kwa shangazi yao hapa Kizingo, nitawapikia mimi.

Baba Nasra
Wakuu nashukuru mno, na dada Mvita Mungu akubariki, mwaliko nimeupokea kwa siku nyingine. Mombasa naiacha kwa sababu ya hati za watoto. Nilikuwa nimeshaelemea Kilwa, lakini jana usiku nimemsomea mama mkwe uzi wote, aliposikia Tanga akasema ana dada yake Chumbageni hawajaonana tangu msiba. Sasa wife yuko upande wa mama yake, na mkubwa wangu ameshika birika la pembe nane, hataki kusikia kingine. Yule jamaa wa gari nimemwomba picha za tairi, hajajibu.

Fundi Rejeta
Asiyejibu kuhusu tairi mwache.

Mwana wa Kivinje
Mwambie huyo kijana wa darasa la sita kwamba sarafu tano za Kilwa ziliokotwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. Mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko.

Kadi ya Njano
Hilo la sarafu ni kweli? Ziliokotwa na nani?

Mwana wa Kivinje
Askari wa Australia aliyekuwa kwenye kituo cha rada wakati wa Vita ya Pili. Alizikuta mchangani pamoja na sarafu za Kiholanzi. Wengine wanasema ni wavuvi, wengine meli iliyopotea. Mimi naamini mabaharia wetu walikwenda mbali kuliko tunavyofundishwa.

Bweni Ng'ambo
Kuamini si ushahidi. Na Tanga kuna vita ya Novemba 1914, Waingereza wamekuja na meli wakarudishwa baharini, nyuki wakasaidia. Hiyo haina ubishi.

Kadi ya Njano
Nyuki nao mnawaamini?

Bweni Ng'ambo
Pande zote mbili zimeandika kuhusu hao nyuki. Karibu Tanga nikuonyeshe makaburi.

Mama Zulekha
Baba Nasra, ukiamua kusini niandikie pembeni, nina namba ya yule mtu wa pancha.