Slapu kwenye besi: gumba linatua lakini noti haitoki

Swali
Wakuu, gitaa langu la besi ni la nyuzi nne, E-A-D-G. Kwa vidole viwili napiga vizuri, ila nikija kwenye slapu, yaani kugonga nyuzi kwa gumba, gumba linatoa "dup" tu, noti haisikiki, na nyuzi za jirani zinavuma. Tatizo ni mkono upi, na nianze na zoezi gani?

Jibu la 1
Hiyo "dup" ni gumba kukawia juu ya uzi. Noti ya slapu huzaliwa uzi unapogonga freti (vyuma vya kukata shingo) za mwisho kisha ukaachwa huru; gumba likibaki hata kidogo, linauzima. Gonga kwa ubavu wa gumba, pale penye mfupa wa kiungo, usitumie nyama ya ncha. Lenga mwisho wa shingo, juu ya freti ya mwisho kabisa. Ukisogea kuelekea briji, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, uzi ni mgumu na haulirudishi gumba.

Mkono wote kuanzia kiwiko uzunguke kama unafungua kitasa cha mlango. Ukisukuma kwa gumba peke yake, misuli itakaza haraka.

Zoezi: metronomu (kifaa cha kuhesabu midundo) kwenye 60 kwa dakika, uzi wa E bila kubana freti, pigo moja kila mdundo. Mapigo yakilingana kwa dakika mbili mfululizo, hamia A. Kasi ije baadaye.

Jibu la 2
Kuvuma ni kazi ya mkono wa kushoto. Vidole visivyobana vilale juu ya nyuzi, viguse bila kukandamiza, na viwe angalau viwili. Kidole kimoja kikigusa juu ya freti ya 5, 7 au 12, uzi hautanyamaza, utalia kama filimbi.

Baada ya gumba, jifunze popu, yaani kuvuta uzi kwa kidole na kuuachia, kwa oktava (noti ileile, moja chini na moja juu): gumba kwenye freti ya 3 ya uzi wa E, kisha kidole cha shahada kivute uzi wa D kwenye freti ya 5. Zote ni G. Ingiza ncha ya kidole tu. Kikizama sana kinanasa, na popu inafunika gumba kwa kelele.

Larry Graham, mpiga besi aliyeanzisha mtindo huu, alianza hivi akipiga na mama yake bila mpiga dramu: gumba lilishika nafasi ya dramu kubwa, popu nafasi ya snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali. Kwa hiyo sikiliza midundo kwanza, noti baadaye.

Jibu la 3
Kagua na gitaa lenyewe, mkuu. Nyuzi zilizo mbali na freti humchosha anayeanza: kwenye freti ya 12, nafasi ya milimita 2 hadi 2.5 chini ya uzi wa E inatosha. Seti ya nyuzi ya 45–105 (unene wa uzi mwembamba na mnene) inafaa. Ikikushinda, chukua nyembamba zaidi, 40–100. Nyuzi zenye uso laini kabisa hazitoi ule mlio mkali. Kwenye amplifaya, wengi hukata sauti za kati. Nashauri uziache kwanza, maana ukizikata besi inapotea bendi ikianza kupiga.

Muuliza swali
Shukrani wakuu. Gumba lirudi juu, au lipite mpaka uzi wa chini yake?

Jibu la 1
Anza na kurudi. Kupita, likatua kwenye uzi wa A, ndiko kunakofungua mlango wa kupiga kwa gumba chini na juu kama mpiga besi Victor Wooten, ila gumba likizama sana linakwama. Na ngozi ikianza kuwaka, pumzika kabla ya lengelenge.